Dakika Arobaini Hadi kwa Mama

Jumatatu, 4 Machi

Rubani kaja dukani kuchukua suruali yake ya kazi niliyoipunguza urefu. Nikamuuliza, mazungumzo tu, ndege ya kwenda kisiwa cha mama inachukua muda gani. Akasema ni kama kilomita mia na sitini, dakika arobaini. Moja kwa moja!

Nikacheka. Nikamwambia hapana, mpaka uende bara, ulale huko, ubadilishe ndege. Akanitazama kana kwamba naumwa. Mwenyewe anaruka huko kila wiki.

Sasa kaka, anayeishi na mama, alikuwa ananiambia nini siku zote hizi?

Jumanne, 5 Machi

Nimeharibu kola mbili. Mwenzangu wa cherehani ya dirishani anasema labda kaka anahesabu kutoka mlango hadi mlango. Hata kama — siku mbili? Labda nilisikia vibaya. Lakini tangu meli iache kubeba abiria, kila nikisema naja, yeye ni hilo hilo: mdogo wangu, ni mbali, utachoka bure, mama hajambo.

Na mama kwenye simu — salamu, kikohozi, halafu kaka anachukua simu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia kaka. Nikamuuliza waziwazi, dakika arobaini au siku mbili? Kisha akasema inategemea. Inategemea nini, kisiwa kinahamahama? Hakucheka. Akasema nisije sasa, wanapaka rangi nyumba.

Nimekata tiketi. Sijamwambia. Mawazo yananipeleka pabaya. Kauza nyumba? Au mama... hapana, juzijuzi nilimsikia akikohoa.

Au ni nani aliyekohoa?

Jumamosi, 9 Machi

Tulipaa, nikafumba macho kwa woga. Kuyafumbua, watu wanafungua mikanda. Basi! Na mimi nilibeba shuka la kulalia njiani.

Naandika chooni kwa mama. Nimetia komeo.

Nyumba ni ile ile, rangi ya zamani ile ile. Mama alifungua mlango mwenyewe. Mzima! Kanenepa, kasukwa vizuri. Nikamrukia. Akajitoa mikononi mwangu taratibu, kwa adabu, akanionyesha kiti.

"Karibu, mgeni. Ngoja nimwite binti yangu atuletee chai."

Akaita jina langu. Langu! Nikaitika. Wala hakugeuka. Akatokea wifi, mke wa kaka, na sinia mkononi. "Abee, mama." Kisha akaniona. Vikombe vikagongana.

Nikauliza choo kiko wapi — nyumba niliyozaliwa!

Kaka yuko nyuma ya mlango, anagonga na kunong'ona. Mama alianza kusahau mwaka jana. Alikuwa ananililia, anatoka barabarani kunitafuta. Siku moja akamwita wifi kwa jina langu, wifi akaitika, mama akatulia. Akalala usingizi mzuri. Wakaacha iwe hivyo.

"Ningekwambiaje?" anasema. "Ungekuja mbio. Halafu angekutazama vile."

Kanitazama vile vile.

Nimkasirikie? Nimshukuru? Na wifi je, aliyeitika badala yangu mwaka mzima — nimwambie nini? Nikitoka humu nitoke kama nani?

Hodi tena, safari hii ya upole. Si kaka. Mama anauliza kama mgeni yuko salama. Chai inapoa, anasema, na binti yake ana haya kidogo, lakini atafurahi kunijua.