Aliniuliza Kama Mayi Iko

Mama Josée wa redio, ninakuandikia kwa sababu kusema nimeshindwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika. Naitwa Tshimanga, nilitoka Mwene-Ditu miaka kumi na moja iliyopita, nabeba mifuko ya chokaa kiwandani Shituru, shule niliachia darasa la tano, na kila Jumamosi mimi na rafiki yangu Isidore tulikuwa tunasafisha piscine, bwawa la kuogelea, ya hoteli moja hapa Likasi.

Siku ile nilifungua maji machafu yatoke tangu asubuhi, yakabaki ya magotini, ya kijani, majani juu, chini huoni kitu, na Isidore alichelewa, hakujua, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta kwenye bomba nikingoja maji ya mji yarudi, ndipo nikasikia sauti yake ikiniita mzee kama kawaida, "Vieux! Mayi iko?" Mama, wewe unajua swali hilo tunaulizana kila asubuhi toka parcelle mpaka parcelle, nyumba kwa nyumba, ni swali la bomba, na bomba lilikuwa limeanza kutoa, basi nikajibu kwa furaha, "Iko!" Akacheka, akasema, "Basi kuya uone mutoto ya ziwa ya Mwadingusha! Minye nilijua kuogelea mbele ya kutembea!" Nikasikia miguu yake inakimbia juu ya simenti, hapo nikaelewa kwamba aliulizia piscine, na mdomo wangu haukufunguka.

Alitanguliza kichwa. Nilimvuta kwa mabega, nikamtia mgongoni kama mfuko, kichwa kikining'inia, na sasa daktari anasema shingo ilivunjika, miguu haitarudi, na kumbeba vile huenda kulimwongezea ubaya.

Yeye hakumbuki kitu. Meneja aliponiuliza niliogopa, nikasema nilimwambia, "Hakuna mayi, usiruke." Sasa uongo huo ndio ukweli wa kila mtu. Mke wake Fortunée anamuosha huku anamfokea, "Vieux Tshimanga alikuambia hakuna mayi, weye ukaruka sawa kichaa, sasa minye nifanye nini na batoto tatu?" Jumapili anawapeleka kwa mama yake, kule Mulungwishi, na amesema harudi. Jana Isidore aliniuliza polepole, "Vieux, minye nilikuwa na nini mu kichwa siku ile?" Nikamfuta jasho. Mfuko wangu wa safari umefungwa. Niondoke, au niseme? Na nikisema, kutabaki nini?

Tshimanga, Likasi

*

Tshimanga, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikasirika mno.

Ile "iko" sikulaumu. Kila mtu wa mji huu angejibu vile. Hata mdomo wako kutofunguka, hofu humkaba yeyote. Lakini ile "usiruke" uliisema ukiwa na akili timamu, na umeiacha ikae. Rafiki yako amepoteza miguu, na wewe unamnyang'anya na akili yake. Huoni aibu kumfuta jasho?

Fungua mfuko huo. Kesho, si Jumapili, mwambie Isidore, mkiwa wawili tu. Kisha Fortunée. Kisha meneja. Tumia maneno yale yale uliyoniandikia. Usiombe msamaha siku hiyo, na usilie mpaka mgonjwa aanze kukubembeleza wewe. Fortunée anaweza kuondoka hata hivyo. Isidore anaweza kukufukuza. Kesho yake rudi, maana asiyeweza kujigeuza anaoza mgongo, anapaswa kugeuzwa kila baada ya masaa mawili, na wewe una mikono ya kubeba. Muuguzi akufundishe kwanza, na mgeuze mkiwa wawili.

Ninyi wengine mnaonisikiliza, maji ambayo hamjasimama ndani yake msiyarukie kwa kichwa. Na aliyeumia shingo asibebwe mgongoni. Mshikeni palepale uso uwe juu ya maji, kichwa na mgongo vikae mstari mmoja, mpaka ubao na watu wapatikane.

Tshimanga, jambo la mwisho. Siku moja, ukimgeuza, Isidore atakuuliza kama kutembea tena iko. Usikimbilie kumjibu "iko". Mwambie alichosema daktari, chote, kisha ubaki hapo.