Kuhusu Mkono wa Elina

Iguguno,
S.L.P. Kiomboi.
12 Oktoba, 1969.

Mpendwa mdogo wangu Zefania,

Shikamoo uliyoiweka mwanzo wa barua yako nimeipokea, marahaba. Hali yako huko mkongeni ikoje? Na kifua je? Uliandika kwamba kikohozi kimekwisha, lakini mwandiko wako ulikuwa umelala kama mtama uliopigwa na upepo, nami sikuamini. Mtu mwenye afya haandiki hivyo. Nijibu ukweli, na uniambie unakula nini na ni nani anayekupikia, maana swali hilo umeshalikwepa mara mbili na mimi si mtoto.

Sisi huku tunapumua. Mvua bado. Uwele ulioko ghalani utatosha kama wageni watapungua, na ng'ombe wanashuka mtoni kwa kuwa kisima cha karibu kimekauka. Tembe nimelikandika upya upande wa magharibi kabla halijatuangukia.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonikalisha chini niandike. Barua yako ya mwezi wa sita ilisema mwanao Elina asiguswe na watu wa chanjo ya ndui mpaka uje mwenyewe Krismasi, kwa kuwa huko kambini mmesikia kwamba msichana akichanjwa hatazaa. Elina amechanjwa. Mimi ndiye niliyempeleka. Usitupe karatasi, Zefania. Soma mpaka chini, halafu ukasirike ukiwa unajua unakasirikia nini.

Kwanza ujue kwamba nilikutii. Watu wa afya walipokuja mara ya kwanza na Landrova yao na kipaza sauti, nilisimama mlangoni nikawaambia mwenye mtoto yuko Tanga, mimi ni shangazi tu. Wala haikuwa kwa ajili yako peke yako. Mimi mwenyewe sikuwaamini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tumeshaumwa. Unakumbuka enzi za Mwingereza alipokuja bwana mifugo kuwachoma ng'ombe sindano? Hazikupita siku nyingi akaja mwingine kuwahesabu, na wa tatu akaja kutuambia ni wangapi wapelekwe mnadani. Basi watu walipoona vijana wa chanjo wanauliza kila kaya ina watoto wangapi, kila mtu alijibu kwa akili yake. Wengine wakasema tunahesabiwa ili tuhamishwe kwenye vijiji vya ujamaa. Wengine wakasema watoto watakuwa mali ya serikali. Mimi nilifunga mlango.

Mkubwa wao anaitwa Bonifasi, eti kwao Kilimatinde. Ni mpole mno. Mtu mpole kiasi kile, anayemwamkia kila bibi na kunywa maji ya watu bila hata kuchungulia ndani ya kata, mimi hunitia mashaka. Nikamwambia anichanje mimi kwanza, nione. Akanitazama usoni, akasema, "Mama, wewe umeshaugua ndui. Kwako chanjo haitashika." Makovu yangu unayajua. Nikajiuliza, hii ni dawa gani isiyofanya kazi kwa yule anayetaka kuijaribu? Nikamtaka aonyeshe mkono wake mwenyewe. Akakunja shati, kovu lipo, karibu na bega. Nikamwambia kovu hata mwiba huacha.

Tangu wakati huo balozi wetu wa nyumba kumi, Kefa, yule uliyechunga naye mbuzi, akawa anasimama nje ya kanisa kila Jumapili kutupa habari za ugonjwa. Mwezi wa saba wagonjwa walikuwa wengi. Mwezi wa nane wakawa nusu yao. Kisha siku moja akaja uso unang'aa: eneo zima wamebaki wawili, waliochanjwa wamepita nusu ya watu wote, chama kinatupongeza. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Ng'ombe hupungua siku ya kuhesabiwa, na sikuona kwa nini wagonjwa wasipungue vivyo hivyo. Dukani marekani nyeupe, ile ya sanda, ilikuwa imekwisha, na harusi sikuisikia hata moja.

Mtoni nako nikaona jambo. Watoto wetu walikuwa wamepungua, lakini walikuwapo wengine, sura ngeni, wanachota maji pamoja na wenzao wasiowajua majina. Nikawauliza wawili kwao ni wapi. Mmoja akanyoosha kidole mlimani, mwingine akakimbia na kibuyu chake. Hapo ndipo nikaelewa kilichofanyika. Watu walikuwa wamewaweka watoto kama tunavyowaweka ng'ombe.

Umekaa mkongeni muda mrefu, lakini hili hujalisahau. Baba hakuwahi kulaza mifugo yake yote katika zizi moja. Wengine walikuwa kwa rafiki huku, wengine kwa shemeji kule, ili ugonjwa ukiingia zizi moja yale mengine yabaki, na wa kuhesabu akija asione mali yote. Ni akili nzuri kwa ng'ombe. Sasa kila mama aliyesikia ndui imeingia kwa jirani, au gari la chanjo linakuja, alimtoa mtoto akampeleka kwa rafiki wa mbali. Na rafiki akapokea, kwa sababu anayewekewa hakatai. Lakini ng'ombe wa kuwekewa unamtazama pua na kwato kabla hajaingia zizini, na mwenyewe hakasiriki. Mtoto wa mwenzio ukimkagua hivyo, umemtukana mama yake. Kwa hiyo hakuna aliyekagua.

Mwanzoni mwa mwezi uliopita akaja kwangu Marietha wa ng'ambo ya mto, mke wa Philipo. Ng'ombe wake mwekundu alikuwa akilala zizini kwangu tangu marehemu mkeo Damari akiwa hai, na mtamba wangu alikuwa kwake. Alikuja na Kristina, binti yake, wa lika moja na Elina. Akasema anakwenda kumuuguza mama yake, mtoto akae kidogo. Khanga ameifunga vibaya, anaongea haraka haraka, hata uji hakukaa kunywa. Nikamuuliza kama kwake wote ni wazima. Akasema, "Wazima, ni mafua tu ya vumbi hili." Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua ananificha kitu. Nilitaka kumvua mtoto nguo nimtazame, nikaona haya. Marietha ndiye aliyemwosha Damari siku ile ya msiba, wewe ukiwa bado njiani. Nikampokea Kristina, akalala na Elina kwenye ngozi moja.

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja Kristina akashindwa kuamka kunywa uji. Mwili moto. Nikamuuliza anaumwa wapi, akasema mgongo. Zefania, mtoto mdogo haumwi mgongo. Mgongo ni wa wazee, na ni wa ndui. Mimi niliumwa mgongo hivyo hivyo kabla uso wangu haujaharibika, mama akadhani nimeanguka mtini. Nikamfungua kinywa kwenye jua la mlangoni. Vipele vilikuwa vimeshaanza kutoka kwenye ulimi.

Nikawatoa ndama kwenye banda lao, nikatandika nyasi safi, nikamlaza humo. Bibi Sara jirani, ambaye ana makovu kama yangu na ndui haimtaki tena, akabaki naye. Mimi nikamshika Elina mkono tukaenda sokoni Iguguno walikopiga kambi watu wa chanjo.

Njia nzima nilikuwa nagombana na wewe. Nilisema moyoni, nikimchanja akakosa uzazi, Zefania hatanisamehe maisha. Nikimwacha mpaka Krismasi kama alivyoagiza, huenda atakuta hakuna wa kuchanjwa. Mwanao naye alining'ang'ania mkono mpaka tulipoliona gari. Ndipo akaniuliza, "Shangazi, wakishanichanja, watanipeleka mnadani?" Yote tuliyokuwa tukisema jikoni alikuwa akiyasikia. Nikamwambia hakuna wa kumnunua mtoto asiye na meno ya mbele. Akacheka, nikashukuru amecheka, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone.

Bonifasi akauliza kama amelala na mgonjwa. Nikasema ngozi moja. Akasema basi tuwahi, chanjo ikishika mapema inautangulia ugonjwa. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia magonjwa hushindana mbio. Hakucheka wala hakukasirika. Alichukua sindano fupi yenye meno mawili, akamdonoa Elina mkononi mara kadhaa, tone la damu likaonekana, ikawa basi. Mimi nilidhani jambo la kutisha watu wilaya nzima lingekuwa kubwa kuliko hapo.

Kisha akauliza mgonjwa yuko wapi na katoka kwa nani. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, Zefania. Kumtaja Kristina ni kumtaja Marietha, na mtu hasemi kilichomo zizini mwa rafiki yake. Nilitazama mkono wa Elina, nikawaza wale watoto wa mtoni wasiojuana majina. Nikamtaja.

Wakaja jioni ile ile, wakachanja kila nyumba mpaka kwa wale waliojifungia. Ng'ambo ya mto, kwa Marietha, wakakuta wengine wawili wamelala ndani, wa kwake mwenyewe. Kaya baada ya kaya wakakuta watoto wa kuwekewa, na baadhi yao walikuwa wameshaanza kuugua. Jumapili iliyofuata Kefa alisimama nje ya kanisa, hesabu imepanda kuliko mwezi wa saba, na uso haung'ai. Watu wakasema si unaona, sindano ndizo zilizoleta ugonjwa, kabla yake walikuwa wawili tu. Wengine wakanitazama mimi. Nikamuuliza Kefa mbele ya wote wanawe wako wapi. Akajikohoza. Kumbe balozi wetu alikuwa amewaficha Kiomboi kwa wakwe zake, tangu siku ile ile aliyotuhimiza tujitokeze.

Kristina alifia mikononi mwangu. Nilimlisha uji kwa kijiko mpaka kinywa kikakataa. Alikuwa akiuliza kama mama yake amesharudi kutoka kwa bibi, nami nikasema yuko njiani. Walimzika wenye makovu tu, bila mkusanyiko. Ndugu yangu, nimeona misiba mingi lakini huu umenilaza chini.

Marietha hakuja kulia nami. Alikuja baadaye, akasimama nje ya zizi, akamwita ng'ombe wake mwekundu, akamswaga bila kunisalimu. Kesho yake nikamkuta mtamba wangu amefungwa kwenye mti kando ya njia. Unajua maana yake. Anasema nilimuuza mtoto wake kwa watu wa gari. Mimi namlaumu kwa kunificha, yeye ananilaumu kwa kumsema, na katikati yetu kuna kaburi. Namkumbuka Marietha kila jioni ninapofunga zizi.

Sasa Elina. Mkono ulivimba, ukaota lengelenge, ukatoa usaha, na homa ikampanda. Hapo sikumwamini mtu yeyote, wala Bonifasi, wala Kefa, wala wewe na habari zako za kambini. Nilishindwa kujua ni homa ya chanjo au ni ile nyingine. Kila asubuhi nilimfungua kinywa mlangoni nikatazama ulimi. Nilimgusa mgongo nikauliza kama unauma, akaniambia nimemchosha. Homa ikashuka. Mkono ukafanya gamba jeusi, gamba likaanguka wiki iliyopita akalitupia kuku. Usoni hana hata kipele. Jana amenilia karanga za mbegu.

Sisemi kwamba sasa namwamini Bonifasi. Bado namsubiri yule wa pili, wa kuhesabu, na akija nitakuwa mlangoni. Ila Bonifasi nimemkaribisha uji, akanywa.

Nasikia ndui ipo na huko njiani unakopita. Usipande basi kuja Krismasi kabla hujachanjwa. Najua utasema umeshachanjwa, kama ulivyosema kifua kimepona. Ukifika, kunja shati kwanza, shikamoo itafuata.

Wala sikuombi radhi. Wewe ni baba yake na neno lako nililishika mpaka lilipotaka kumuua. Kama ni kweli hatazaa, siku moja utaniita mbele ya ukoo unilaumu, na mimi nitakaa kimya nikusikilize mpaka umalize. Lakini Elina atakuwa amekaa pale pale, mwanamke mzima, akisikia tunavyogombana juu yake.

Bibi Sara anakusalimu sana, anauliza kama Tanga kuna tumbaku nzuri. Kefa naye anakusalimu, nimemwambia nitaandika, basi nimeandika. Wasalimu wote wa kwetu mlio nao kambini, na huyo anayekupikia.

Mungu wa baba yetu akufunike na akulete kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ukiwa umenikasirikia,

Rahabu.