Funza Waliotoka Koponi

Jumatano usiku

Kuku wamekula utafiti wangu wote.

Asubuhi nilikuta koponi kimebaki kichwa cha sangara tu. Funza wa nzi wa kijani, niliowatunza tangu wakiwa mayai, walitambaa usiku mpaka uani. Mayu, mama yangu, alicheka mpaka akaegemea mlango. "Mwanangu, kumbe ulikuwa unafuga chakula cha kuku! Leo hata pumba hawaitaki."

Sikuweza kucheka. Mwisho wa mwezi mwalimu wa baiolojia anakagua miradi, na asiye na cha kuonyesha haendi kwenye maonyesho ya sayansi Maswa. Nataka kwenda, ingawa sijamwambia mtu.

Mchana kutwa niliamini wamenikimbia kwa sababu niliwatunza vibaya. Halafu nikasoma kitabu nilichoazima maktaba. Funza akishiba huiacha nyama mwenyewe, akatafuta udongo mkavu wa kujifukia ili awe pupa, kabla ya kugeuka nzi. Kwa hiyo walikuwa wamekua vizuri kabisa! Kosa langu ni kutowawekea mchanga.

Safari hii kopo litakaa ndani ya beseni la mchanga, na nzi wakishataga nitafunika kwa kipande cha chandarua.

Tatizo ni kichwa kingine cha samaki. Mara ile nilimnong'oneza Mama Zuhura, muuza samaki, sokoni mpaka akauliza, "Wewe binti, unanunua au unasali?" Wateja wote wakageuka. Nilitamani...

Basi wageuke. Kesho nitasimama mbele ya meza yake na kusema kwa sauti: naomba kichwa kilichooza.