Mtu wa Maji

Kitengela,
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Pokea salamu za binti yako Everlyne. Mguu unaendeleaje? Bado unakusumbua ukipanda kutoka mtoni, ama ile dawa ya kuchua imesaidia? Na Imani wangu, kikohozi kimeisha? Sisi huku tuko, ni vumbi na upepo tu. Barua hii nimempa Baba Shadrack, jirani yangu anayekuja huko kwa mazishi, kwa sababu mambo haya nikiyaanza kwa simu nitalia, na wewe utaogopa bure.

Uliniuliza mbona sauti yangu iko chini siku hizi. Ni kazi, Mama. Sijafukuzwa, bado nafundisha chekechea kwa shule ile ile. Lakini nilikuwa na mtoto mmoja anaitwa Nasieku. Mama yake ni Mmaasai, anafulia watu nguo kwenye ploti za nyuma ya shule. Muhula wote wa kwanza mtoto huyo hakufungua mdomo darasani. Kimaa alikuwa nacho, lakini hakukuwa na mwenzake wa kuongea naye. Alikaa tu akitafuna kola ya sweta.

Tulipofika somo la watu wanaotusaidia, niliona picha za ukutani haziwaambii watoto kitu. Nikawatoa nje, wameshikana mikono. Tukaenda kwa fundi wa viatu, wakashika uzi, wakauliza mbona gundi inanuka hivyo. Mama mboga akawatajia terere, managu na kunde, nao wakarudia. Tukaishia pale watu wanachota maji, punda wamesimama na mitungi imepangwa. Hapo ndipo Nasieku alitoa kola mdomoni akasema, "Enkare."

"Enkare ni nini?" nikamuuliza. Akanionyesha mfereji. Nikawaambia watoto wote waseme enkare, wakasema. Kisha mimi nikasema maji, naye akasema maji.

Tangu siku hiyo alikuwa ananivuta sketi kuuliza hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje. Akajua mtungi, kifuniko, foleni. Siku moja nilimuuliza ni nani huwaletea maji nyumbani. Akanijibu, "Yeyo anabeba kwa mgongo." Yeyo ni mama kwa Kimaa. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza, na nilitoka nje kidogo nikapangusa macho.

Haikudumu. Baba wa mtoto mwingine, mtu wa ofisi huko Nairobi, alikuja kulalamika nikiwa hapo hapo. "Mimi nalipa mtoto ajue Kiingereza," alimwambia mwenye shule. "Jana ameniitisha enkare mezani." Mwenye shule hakunitetea. Alisema watoto watembezwe na wazazi wao Jumamosi, shuleni wasome. Tukaletewa vitabu vya kunakili. Nilijaribu kumweleza kwamba mtoto hushika neno la kitu alichokigusa na kukiulizia mwenyewe. Akanijibu kwamba intavyuu ya gredi ya kwanza haiulizi mambo ya punda.

Na kweli haikuuliza. Siku ya intavyuu Nasieku alionyeshwa picha ya zimamoto ameshika mpira, maji yanaruka. Aliitazama sana, kisha akasema polepole, "Mtu wa maji." Mwalimu aliyekuwa anamuuliza alitaka neno la Kiingereza. Akamwekea alama ya mkasi, kwamba amekosa. Mtoto alimtazama, akanitazama mimi, akanyamaza mpaka mwisho.

Mama yake aliitwa ofisini kuambiwa kwamba binti yake arudie darasa, ama atafutiwe shule ya watoto wenye shida. Alikuja na povu la sabuni bado limekaukia mikononi. Badala ya kumwangalia mwenye shule, alinigeukia mimi.

"Mwalimu, mtoto wangu ni mjinga?"

"Hapana, Mama Nasieku. Ana akili sana."

"Mwalimu anakuonea huruma," mwenye shule akasema.

Nilimwona yule mama akichagua wa kumwamini, na hakunichagua mimi.

Kesho yake nilienda kwake nikamkuta anafunga nguo. Alikuwa anampeleka Nasieku Rombo, kwa nyanya yake. Nikamsihi aniachie nimfundishe jioni, hata bure.

"Huko atachunga mbuzi," aliniambia. "Mbuzi hawamuulizi maswali."

Hakusema kwa hasira, Mama. Afadhali angenitukana. Nasieku alikuwa mlangoni. Nilimwamkia kwa Kiswahili, nikajaribu na kile Kimaa changu kidogo, hakunijibu. Wakaondoka. Namba ya mama yake haipatikani, na kwa ile ploti sasa kuna watu wengine.

Siku hizi nafundisha vile ninavyoambiwa. Watoto wananakili maneno chini ya picha za vitu hawajawahi kuona, wanayasoma kwa sauti moja, na wazazi wamefurahi. Zamani nilikuwa nawauliza maana yake. Walikuwa wananitazama tu. Nimeacha kuuliza.

Sasa hiyo habari ya kumleta Imani aanze shule huku Januari. Usimlete. Najua tulikuwa tumekubaliana, na najua ni mwaka mwingine mzima wa kukaa bila yeye. Lakini angekuwa kwa darasa langu, na mimi ndiye ningemnyamazisha. Mwache hapo kwako. Mtume kwa jirani aombe chumvi, na asipojua kuomba vizuri, mrudishe aombe tena. Mwambie jina la kila mboga unayochuma. Mimi siwezi kumfanyia hayo huku.

Nisalimie dada yangu Roselyne na wanawe, kaka Wycliffe wa bodaboda, na shangazi Phanice anayekusaidia kuteka maji. Mchungaji umwambie aniombee, bila kumweleza ni ya nini.

Na Imani umwambie mama yake anamsalimu. Juzi kwa simu aliniita anti, na sikumrekebisha.

Ni mimi bintiyo,
Everlyne