Kompyuta Iliyosahau Tarehe

Jumamosi, 11 Oktoba 2025
Kompyuta imekataa. Asubuhi niliiandikia tarehe kama kila siku. Inaamka ikidhani ni mwaka 2018, nami naisahihisha, kama nilivyoandika tarehe ubaoni miaka thelathini na minne. Kisha nikawasha programu ya kuipima. Jibu: mashine hii haiwezi kupokea Windows 11.

Chimène, binti yangu, alisoma jibu nyuma yangu, mtoto wake kifuani. Mtihani wake wa kuingia shule ya wakunga ni Jumatatu ya tarehe 20, saa nne asubuhi, kwa kompyuta, na programu ya mtihani haifunguki kwenye Windows 10. Asipoufanyia hapa Kabambare, ni pikipiki hadi Kindu – na tope hili, na mtoto wa wiki sita! Anasema ataacha mpaka mwaka ujao. Nimemwambia: ngoja. Kukataa ni jambo moja, sababu ya kukataa ni jingine. Tutafute sababu.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya misa alikuja Musafiri, mdogo wake Cécilia mke wangu, yule mnunuzi wa dhahabu. Akaitazama mashine. “Shemeji, hii ordinatere iko muzee sawa weye. Muipatie pension, mupumuzike wote wawili.” Nikamjibu kwamba huyu mzee bado anafundisha, ila yeye ndiye mwanafunzi asiyepanda darasa. Cécilia alicheka mpaka akaweka sinia chini.

Nimeipima tena, safari hii kwa utulivu, jambo kwa jambo. Kumbukumbu: inatosha. Nafasi: inatosha. Prosesa: kizazi cha nane, amefaulu kwa alama ya mwisho kabisa, lakini amefaulu. Imeanguka somo moja tu, liitwalo TPM. Ni kisanduku kidogo cha siri, mashine inamofungia funguo zake. Na sidhani kama hakipo. Nadhani kimezimwa.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kimezimwa kweli! Niliingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayofunguliwa kabla Windows haijaamka. Nikakiwasha. Nikapima: ndiyo, ndiyo, ndiyo, zote! Chimène akacheza na mtoto mgongoni. Cécilia akapiga vigelegele, majirani wakaja kuuliza nani ameposwa.

Jumanne, 14 Oktoba
Imekataa tena. Kisanduku kimezimwa! Nimeuliza nyumba nzima nani kakigusa. Hakuna. Nimekiwasha tena.

Na leo ndiyo siku ya mwisho ya Windows 10 kupata matengenezo. Redio imesema.

Jumatano, 15 Oktoba
Kimezimwa mara ya tatu. Nikaanza kuandika tarehe – mkono ukasimama hewani.

Mashine inasahau tarehe kila tunapoizima. Inasahau kisanduku kila tunapoizima. Hayo si maradhi mawili, ni moja! Nami mwalimu wa fizikia! Karibu mwaka mzima namsahihisha mwanafunzi kosa lilelile, sijamwuliza hata siku moja kwa nini analikosea.

Nimefungua ganda la kompyuta. Ndani kuna kiota cha duara, upana wa sarafu, cha pile, betri ndogo inayotunza kumbukumbu umeme usipokuwepo. Kitupu. Kisafi kama sahani iliyolambwa.

Cécilia alicheka kabla ya kusema. Baada ya Noeli Musafiri alikuja na bisibisi “kupangusa vumbi”. Kumbe mizani yake ya dhahabu ilikuwa imekufa, na pile ni za aina moja.

Nikaagiza aitwe. Akaja bila haya. “Mali ya dada yangu niombe ruhusa kwa nani? Na vumbi nilipangusa kabisa!” Siwezi kumkasirikia. Akinivua kofia mbele ya padri nitacheka tu, ndivyo shemeji walivyo. Lakini nilipomweleza habari ya mtihani, alikaa chini. “Ya Chimène? Mutoto wetu?” Hakutania tena. Aliondoka bila kumaliza chai.

Pile yenyewe imechoka tayari huko kwenye mizani. Héritier wa pikipiki anakwenda Kasongo kesho. Nimempa kle ya USB, ile flashi, aniletee faili la Windows 11, maana antena ya intaneti ya parokia tunayotumia inatosha mtihani, haitoshi mzigo huo. Na pile mpya, mbili.

Jumamosi, 18 Oktoba
Héritier! Saa tisa mchana, tope hadi kwenye kofia. Kle ndani ya plastiki, plastiki ndani ya soksi. Anasema barabarani alianguka mara mbili, soksi haikuanguka hata mara moja.

Nimeweka pile. Nimezima, nimewasha. Mara tatu. 18 Oktoba 2025 – yenyewe! Kisanduku kimewaka. Sikuwa na tarehe ya kuandika. Nilijisikia kidogo kama mwalimu siku ya mwisho wa mwaka, darasa limekwenda nyumbani.

Betri za umeme wetu wa jua zimeshuka. Tutaanza kesho.

Jumapili, 19 Oktoba
Saa tano tumeanza kuweka Windows 11. Jua zuri.

Saa saba. Asilimia 38. Wingu kutoka upande wa Wamaza. Nimewaeleza: umeme ukikatika katikati, mashine inaweza isiamke tena kabisa. Chimène amevuta kiti mbele ya kioo.

Saa nane. Mvua! Asilimia 57. Taa ya konvertisa, mashine inayogeuza umeme wa betri, imegeuka nyekundu. Cécilia ana simu kumi na nne za majirani kwenye ubao wake wa kuchajia. Alitoka mlangoni akapaza sauti kwamba mtoto wa Mwalimu ana mtihani. Wamekuja na mvua yao, kila mtu kachomoa simu yake. Na sasa hawaondoki! Wamesimama barazani wakiulizana ni asilimia ngapi.

Asilimia 63. Taa inapepesa.

Mlango umepigwa kwa mguu. Musafiri, ameloa chapachapa, amekumbatia betri kubwa ya duka lake, imefunikwa kwa koti lake la mvua. “Sogea, shemeji! Hata hii siombe ruhusa.”

Waya ameushika kwa meno. Nyekundu kwa nyekundu, nimempigia kelele, taratibu! Chimène anasoma kwa sauti: sitini na nne. Naweka kalamu, Musafiri anahitaji mikono yangu.