Meno ya Bibi Yapo Bwawani

Kaelea mwenyewe, mama! Bibi! Bila kushikwa! Akacheka kwa furaha, meno yake ya bandia yakachomoka, yakazama kwenye kina kirefu. Nimepiga mbizi mpaka macho mekundu, sijayaona. Jioni wanasafisha bwawa kwa mashine, yakifyonzwa basi tena! Nimekimbia kumbembeleza msimamizi anisubiri.

Uji upo jikoni, mpelekee bibi. Kajifungia chumbani, kaapa hakanyagi bwawani tena, na magoti yake ndo yalikuwa yameanza kupata nafuu. Mama, nakuomba, asikate tamaa!

~~Mwambie baba aje anisaidie.~~ Baba asijue, atacheka mtaa mzima usikie.

Nikichelewa nalala kwa shangazi, ni jirani na bwawa. Kesho nitalala chali sakafuni sebuleni nikuonyeshe alivyoelea.

Kitinda mimba wako