Siku Baba Aliposema Amesinzia

Kambi ya miwa, karibu na Jinja
Jumapili mchana

Dada yangu Roza,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na shemeji na watoto wote hapo Oli. Mnaendeleaje na msiba? Mama anakula? Nauliza kwa sababu namjua, akiwa na huzuni husema ameshiba na hata chungu hajakigusa. Goti lake bado linamsumbua wakati wa mvua? Mimi huku mwili ni mzima. Zaidi ya mwili sitakudanganya.

Shemeji, najua ni wewe unayemsomea Dada barua hii, kama ulivyomwandikia ile yake. Nakuomba kitu kimoja. Ukifika mahali pabaya usiruke, wala usipunguze maneno kwa kumhurumia. Soma kama ilivyo.

Dada, umenipa pole kwamba habari ya kifo cha Baba ilichelewa kunifikia. Haikuchelewa. Nilikuwa nimekaa jikoni kwa wapishi wa kambi, nimeshika sahani yangu ya posho na maharage, redio ikaanza matangazo ya vifo. Nikasikia Lobule kwetu, nikasikia jina la Baba, halafu nikasikia na langu, kwamba niarifiwe popote nilipo. Mpishi akaniuliza, "Huyo si mtu wa kwenu?" Nikamjibu kwamba majina yanafanana tu. Nikamaliza kula, nikaosha sahani.

Ruhusa ningepata. Kiwanda kilikuwa kimesimama kwa kukosa vipuri, sisi wakata miwa tunashinda tumekaa tu. Mnafikiri niko ndani ya sukari, kumbe sukari tunaiona ikipita kwenye lori na chai tunakunywa kavu, bila sukari. Basi la Arua pia lilikuwepo. Sikuja kwa sababu niliogopa kusimama kaburini karibu na Baba mdogo Taban.

Sasa umeniandikia alivyosema wakati wa kuzika: "Mutu ya usingizi sasa amelala kabisa." Na kwamba wengine walicheka kidogo. Umeandika pia kuwa siku ya kumaliza matanga, mdogo wa marehemu ndiye anayesimama kuwaeleza watu kaka yake alikuwa mtu wa namna gani, na Baba mdogo amekataa. Anasema hana neno la kusema juu ya mtu aliyeacha tumbaku yao iungue kwa usingizi. Nimeyasoma maneno hayo hadi karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Siku banda lilipoungua wewe ulikuwa umeshaolewa, kwa hiyo ulisikia kama watu wote walivyosikia. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Mwaka ule Baba na Baba mdogo walitundika tumbaku yao pamoja. Unalikumbuka lile banda la kukaushia: majani yamefungwa kwenye fito mpaka juu, moto unawashwa nje kwenye tanuri, na joto linaingia ndani kwa bomba la chuma linalopita chini. Moto ule hautaki pupa. Unalishwa kuni kidogo kidogo, mchana na usiku, karibu wiki nzima. Baba alikuwa amekesha siku nne. Siku ya tano asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, akaniambia, "Duku, nakwenda kunyosha mgongo. Wewe kaa na moto. Kuni moja ikiisha ndiyo uweke ingine."

Nikamwambia sawa, na kweli nilikaa. Lakini mchana huo vijana wa Onduparaka walikuwa wamekuja kucheza mpira Koboko, na wenzangu wote walikuwa wamekwenda. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Mwishowe nikashindilia tanuri kuni kavu mpaka mdomoni, nikijiambia kwamba moto mwingi utadumu mpaka nirudi. Nilikuwa nimeshafundishwa, Dada, siwezi kusema sikujua. Nikachukua baiskeli ya Baba nikaenda. Bila shaka bomba lilipata moto kupita kiasi, jani likadondoka juu yake, na mengine yakafuata.

Kipindi cha pili sikukiona. Mtu mmoja alionyesha moshi upande wa Lobule, nami nikajua hapo hapo.

Nilipofika banda lilikuwa limeanguka. Baba mdogo amekaa chini, mikono kichwani. Tumbaku ile ndiyo aliyokuwa anaitegemea kwa mahari, na wazazi wa yule binti wa Maracha walikuwa wameshapanga siku ya kumpokea. Baba alikuwa amesimama, nywele zimeungua upande mmoja kwa kujaribu kuzivuta zile fito. Baba mdogo akainua kichwa, akauliza, "Nani alikuwa na moto?"

Nilikuwa bado nimeshika baiskeli, jasho linanitoka. Baba akaitazama ile baiskeli, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Ilikuwa mimi, Taban. Usingizi ilinikamata." Halafu akaniambia, kwa sauti ile yake ya kila siku, "Duku, letea baba yako mdogo maji."

Nikaleta maji. Hilo ndilo nililofanya.

Kesho yake tukikusanya mabati yaliyobaki, nikaanza kulia. Baba akaniambia, "Nyamaza. Taban akijua ni wewe, atakufukuza hapa nyumbani, na wewe ungali mtoto. Mimi ni kaka yake. Atanuna msimu moja, halafu itaisha."

Haikuisha. Binti wa Maracha akaolewa na mtu mwingine. Baba mdogo akaacha kula sahani moja na Baba, akahamisha mlango wa nyumba yake ukatazama upande wa pili. Sokoni Koboko wakaanza kumwita Baba Muzee Usingizi, wauza mikeka wanamkaribisha ajaribu kulalia, naye anacheka pamoja nao. Mtu aliyekuwa anaamka kabla ya kuku. Kila alipovuna karanga alimpelekea Baba mdogo bakuli la kwanza, bakuli likarudi lilivyokwenda, na mwaka uliofuata akapeleka tena.

Wewe unajua alivyokuwa. Mama alipojifungua akiwa mgonjwa, Baba alibeba maji kichwani mchana kweupe, wanaume wanamcheka njiani, naye anawaamkia mmoja mmoja. Ulipozaa mtoto wako wa kwanza, alipiga baiskeli kutoka Lobule mpaka Oli na kuku amemfunga nyuma, na shemeji aliniambia kwamba alikataa chai mpaka apewe mjukuu amshike. Jumamosi alitunyoa sisi wote, na huku ananyoa anatutania ili tusisikie wembe. Sikumbuki kama aliwahi kunipiga. Ningekuwa na deni dogo zaidi moyoni kama angenipiga siku ile.

Kuna jambo lingine, na hili hata Mama halijui. Miaka miwili iliyopita Baba alinitumia neno kwa mdomo, kwa yule dereva wa lori wa Arua anayekuja huku. Alisema, "Mwambie Duku aje likizo. Ile maneno yetu, twende kwa Taban tuimalize, sisi wawili." Alikuwa amechoka, Dada. Alikuwa ameona kwamba nimekuwa mtu mzima, na alitaka nimtue ule mzigo. Mimi nikampa dereva blanketi ampelekee. Jipya, la sufu. Baadaye dereva aliniambia kwamba Baba alishukuru sana, akalikunjua, akalikung'uta, akauliza kama ndani yake hakuna barua.

Sasa barua yenyewe ndiyo hii, na amekwisha kwenda.

Shemeji, inakuja kwa mkono wa dereva yule yule. Nakuomba umchukue Dada mwende Lobule kabla ya siku ya kumaliza matanga. Mwiteni Baba mdogo, na Mama awepo, msomee yote. Mimi nimeshapewa ruhusa na nitapanda basi Ijumaa. Nimetanguliza barua kwa sababu najijua: nikifika kwanza mimi, nitaletewa kiti, nitapewa pole, nami nitanyamaza tena. Baba mdogo akitaka nisikanyage nyumbani, ni haki yake, nitasimama njiani mpaka aseme. Nitakuja na miti ya kumjengea banda jipya ikiwa mabegani kama atakubali. Asipokubali nitamwelewa.

Mama naye atakasirika, najua. Usimtulize, mwache akasirike.

Nisalimie watoto, hasa yule aliyeshikwa na Baba siku ile. Msalimie katekista aliyemwombea Baba, na yule jirani mama wa Sudan, umesema alipika siku zote tatu bila kuitwa. Msalimie Mama, umwambie niko njiani. Baba mdogo usimpe salamu zangu kwanza, msomee tu.

Na akikubali kusimama mbele ya watu siku ile, mwambie anaweza kuanzia hapa: kaka yake hakusinzia kwenye moto. Alikuwa nyumbani amelala, kwa sababu moto aliniachia mimi, na aliniamini.

Mdogo wako,
Duku